Mitende Tisa ya Mama Jabri

Jumamosi, 1 Juni

Daftari hili alinipa rafiki yangu Nafula siku ya harusi, akasema niandike mapishi. Mapishi yatangoja. Kwanza niandike kwamba jana tulitimiza wiki sita tangu tuoane pale kanisani Mesaimeer, hapa Qatar, na kwamba ni siku ya tatu tu tangu tuanze kulala chini ya paa moja. Muda wote huo mwingine nilikuwa mke wa mtu nikilala kitanda cha juu katika chumba cha wasichana sita kule Lusail, mfanyakazi wa dobi la hoteli, na mume wangu nikimwona Ijumaa, siku ya mapumziko hapa, kanisani kwa saa mbili, kama mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Sasa tuna chumba. Kiko ubavuni mwa banda la bagi, ndani ya shamba la mitende la Mama Jabri, ukingoni mwa Abu Hamour. AC yake inanguruma kama lori linalopanda Mazeras, na mlango haufungi mpaka uuinue kwa goti. Sijawahi kulala pazuri hivi. Asubuhi nikifungua macho namkuta Joram ameamka zamani, ananitazama, na anajifanya alikuwa anatazama saa.

Joram ni dereva wa Mama Jabri. Hapa shambani anaendesha bagi, kigari kifupi chenye viti viwili mbele na kitanda cha kubebea mizigo nyuma. Jana alinizungusha shamba zima. Kiti changu alikitandikia taulo safi ili chuma kisiniunguze, nami nikajiona bibi arusi kwa mara ya pili.

Chumba tumekipata hivi. Barabara mpya itapita nyuma ya shamba, na mitende tisa iliyo ukutani imepigwa alama nyekundu. Itang'olewa tarehe kumi na tano Julai. Mtende unaogemwa moyoni hufa, kwa hiyo hapa hakuna anayeugema. Lakini hii tisa itakufa vyovyote vile, na Mama Jabri anataka, kabla haijaondoka, kunywa maji yake matamu kama aliyowahi kuyanywa ujanani. Akauliza nani anajua kugema. Joram akasema yeye anajua. Mama akamwambia basi mlete mkeo, mkae katika chumba cha fundi wa mitende. Akiyapata maji yake tutabaki. Asipoyapata atamwajiri fundi wa kweli, na fundi huyo atahitaji chumba.

Baba yangu alikuwa mgema kule Kaloleni. Sikujua kwamba mume wangu naye ana kazi hiyo mikononi. Kila siku namgundua upya.

Jumapili, 2 Juni

Joram amenunua kisu kilichopinda. Anakinoa huku akipiga mluzi. Nimempikia maharagwe ya nazi.

Jumanne, 4 Juni

Leo amepanda mtende wa kwanza.

Tulifika ukutani alfajiri, mimi nikiwa na tochi, yeye na ule mshipi mpana unaozunguka kiuno na shina. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Mguu wake wa pili ulipoacha ardhi, nikamwona baba. Nilikuwa na miaka tisa baba alipoanguka. Nilikuwa chini, na kibuyu mkononi. Sikumbuki kishindo, nakumbuka kiatu chake kilibaki juu kimenasa kwenye kuti, na watu walikuwa wanakitazama hicho badala ya kumtazama yeye. Nyonga haikupona tena. Akawa fundi wa baiskeli, na anachechemea mpaka leo.

Mama hakuwa akisema neno baba akiwa juu. Alisimama tu, ameinua uso, mpaka ateremke. Mimi leo sikuweza. Nilimwita Joram mara nne.

"Uko salama?"

"Niko salama, mpenzi. Wee tulia."

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alikata kwa nguvu, vipande vikubwa vikaanguka kama mtu anayepasua kuni. Nikafikiri labda mtende una utaratibu wake, si kama mnazi.

Jumatano, 5 Juni

Mtungi alioufunga chini ya kidonda cha mtende ulikuwa mkavu. Kesho atajaribu wa pili.

Ijumaa, 7 Juni

Wa pili nao mkavu. Joram anasema ni joto.

Baada ya ibada Nafula alinishika mkono, akanipeleka kivulini. Nafula ni muuguzi, mtu wa Bungoma, na mdomo wake hauna breki.

"Bibi arusi umekonda. Huyo mume anakulisha au anakuangalia tu?"

"Ni joto."

"Joto liko kwa sisi wote. Mimi mbona nanenepa? Na hiyo miti yenu imetoa?"

"Bado saba."

"Sikuuliza bado ngapi. Nimeuliza imetoa?"

Nikamwambia itatoa. Akaniambia kitanda changu kule Lusail hakijapata mtu bado. Alisema kwa mzaha, lakini nimerudi nacho kichwani hicho kitanda, na ngazi yake yenye kidato kimoja kilicholegea.

Jumatatu, 10 Juni

Wa tatu umetoa. Kikombe kimoja na nusu. Nilimbusu Joram mbele ya bagi, na miguu yake ilikuwa inatetemeka. Nikasema ni furaha.

Jumatano, 12 Juni

Digrii arubaini na nne. Mtungi umefika nusu. Joram anataka ujae ndipo ampelekee Mama.

Jumamosi, 15 Juni

Natamani siku hii isingekuwepo.

Mtungi ulijaa. Joram alivaa shati la harusi. Tuliufunga mtungi kwenye kitanda cha bagi kwa kamba, tukaondoka ukutani jua likiwa limeshatoka. Njia ya kutoka ukutani mpaka nyumbani ni ndefu na ina mashimo, na kila tulipodunda nilisikia maji yanaongea ndani ya mtungi. Nilimwambia apunguze mwendo. Akasema akipunguza yatapata moto. Nikamwambia aongeze. Akacheka, akasema hata Mama Jabri akiwa garini hampi masharti mengi hivi.

Mama alikuwa barazani, kwenye kiti chake. Ni mnene kidogo, magoti yamemshinda, na ana macho ya mtu aliyezoea kungojewa. Joram alifungua mtungi. Ukafanya fsss.

Mimi ni mtoto wa mgema. Nilijua kabla povu halijafika mdomoni mwa mtungi. Harufu ilikuwa ile ya Kaloleni, saa kumi jioni, wazee wamekaa na mirija. Nilitaka kusema, lakini Mama alishajaza kikombe na kukipeleka mdomoni. Hakumeza. Alitema kwenye leso, akaifunga ile leso taratibu, akaiweka mbali naye.

"Joram," akasema, "umeniletea pombe."

"Mama, ni maji ya mtende, wallahi, leo hii hii."

"Mimi ni mjane wa miaka sabini. Kesho ni sikukuu. Unaniletea pombe barazani kwangu."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Akasema khalas, basi, mimina yote kwenye mchanga. Joram akamimina. Inzi walifika kabla hajamaliza.

Njiani tukirudi alisema ni joto. Sikumjibu. Nilikuwa nautazama ule mtungi. Chini yake kulikuwa na mashapo meupe mazito, ya siku tano, sita. Hakuwahi kuuosha.

Jumapili, 16 Juni

Sikukuu. Wageni wamejaa nyumba kubwa. Nilikwenda jikoni kusaidia kuosha sahani, nusu kwa adabu na nusu kwa woga, nikitaka kuona kama uso wa Mama bado ni ule wa jana. Baada ya chakula aliniita barazani, akanipa sahani ya nyama nimpelekee mume wangu. Kisha akanionyesha niketi. Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini alisema polepole.

"Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa tulikaa Tunisia. Marehemu alikuwa na kazi ya ubalozi. Kila alfajiri mzee mmoja alipita na punda, tunafungua dirisha, tunakunywa kabla ya jua. Baridi, tamu. Mume wangu alikuwa ananiachia la mwisho. Sijanywa tena tangu hapo. Sikuomba pombe, binti."

"Nisamehe, Mama."

"Mumeo ndiye wa kuomba msamaha. Nilimwamini kwa sababu ya baba yake. Mtu anaanguka mtini, nyonga inavunjika, kiatu kinabaki juu, na bado anamfundisha mwanawe kazi. Nilisema mtoto wa mtu kama huyo hawezi kunidanganya. Bado anachechemea, baba mkwe wako?"

Nilisema ndiyo, bado anachechemea.

Sahani ya nyama nimeifikisha. Sijui nilipitaje njia nzima.

Jumatatu, 17 Juni

Sijamwambia kitu. Nimekwenda kazini saa nane, nimekunja shuka mia tatu, nimerudi. Ameniwekea chai. Nimeinywa.

Jumanne, 18 Juni

Leo nimemuuliza. Nilikuwa nimeanza kwa upole, halafu ukaniacha.

"Joram, baba yako anafanya kazi gani?"

Akaacha kunoa kisu. "Unamjua. Karani wa kivuko. Mstaafu."

"Alivunjika nyonga lini?"

Alikaa kitandani. Akaiangalia mikono yake, nami nikaiona ilivyochubuka, vidonda juu ya vidonda. Mikono ya mtu aliyeanza kupanda mti mwaka huu.

"Ulikuwa unanisimulia," akasema. "Ijumaa, pale kwenye ngazi za kanisa. Baba yako, kile kisu, kiatu. Nilikuwa narudi huku nazirudia hadithi zako peke yangu kwenye gari. Siku Mama alipouliza nani anajua kugema, nilifikiria kitu kimoja tu, kwamba kuna chumba. Hadithi yako ikatoka kinywani kama yangu."

"Ulimvaa baba yangu kama koti la kuazima."

"Ndiyo."

"Na mimi je? Nimesimama chini kila alfajiri, nikikutazama, na ulijua nilichokiona nikiwa mtoto."

"Ulikuwa unaita sana," akasema. "Kila ukiita, magoti yanaisha nguvu."

Nikamuuliza nani alimfundisha asioshe mtungi. Akasema mama yake. Mama yake aliuza pombe ya mnazi nyumbani Mtwapa, nalo hilo nalijua. Mtungi ukioshwa kwa sabuni, alisema, wateja wanahama, kwa sababu mashapo ya jana ndiyo yanayoipa nguvu ya leo. Alikuwa anayatunza yale mashapo. Aliyatunza kwa bidii, akidhani anafanya kazi nzuri. Kitu pekee alichokijua kweli juu ya kugema ndicho kilichotuharibia.

Nililia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Nililala nikiwa nimempa mgongo. Baadaye nikageuka, kwa sababu AC ina baridi na kwa sababu nampenda, na hayo mawili sitayatenganisha hapa.

Alhamisi, 20 Juni

Imebaki mitano. Wa tatu na wa nne imekauka wakati sisi tumenuniana.

Tumekubaliana. Yeye atapanda, mimi nitamwelekeza. Usikate kwa ncha, kata kwa tumbo la kisu. Ukanda mwembamba kama ganda la kitunguu, asubuhi na jioni. Kidonda kifunikwe kisipigwe na jua. Mitungi naiosha mwenyewe kwa maji ya moto mara tatu. Nimejaribu kunyamaza akiwa juu. Nimejing'ata kidole.

Jumatatu, 24 Juni

Wa tano unatoa vizuri. Nimeonja pale pale chini. Ni matamu, yana harufu ya mtende mbichi. Tumepeleka na barafu. Mama ameonja, hakutema. Amesema, "Si pombe. Lakini si yenyewe. Yamechoka njiani."

Alhamisi, 27 Juni

Kumepambazuka na joto la digrii thelathini na sita. Barafu inayeyuka kabla bagi haijafika katikati ya shamba. Mama ameonja tena, ametikisa kichwa. Wa tano umekwisha, na wa sita umepasuka kisu kilipoteleza. Imebaki mitatu.

Ijumaa, 28 Juni

Fundi wa mitende ameshapatikana, amependekezwa na mpwa wake Mama. Joram alimsikia kwenye simu akiuliza kama chumba kina AC.

Jumatatu, 1 Julai

Joram ameteleza.

Hakuanguka. Mshipi ulimshika, akashuka ameburuzwa kwenye shina kama kopo kwenye ukuta, kifua na mkono wa kulia. Nilikuwa kimya, nimesimama kama mama alivyokuwa akisimama, na nilipoona miguu imeacha shina sikupiga kelele. Nilimpakia kwenye kitanda cha bagi, nikaendesha mwenyewe, mimi ambaye nilikuwa nimefundishwa mara mbili tu na kwa mzaha. Kila shimo aliguna, na kila alipoguna nilimshukuru Mungu kwamba anaguna.

Kifundo cha mkono kimeteguka, hakikuvunjika. Nafula alikuja jioni kumfunga bendeji.

"Dereva, wewe umeoa mtoto wa mgema ukaamua kupanda wewe. Hiyo ni akili ya wapi?"

"Kwao mwanamke hapandi," Joram akasema.

"Kwao mwanamke hafanyi kazi Qatar pia. Inua mkono."

Jumatano, 3 Julai

Wa saba na wa nane, ambayo Joram alikuwa ameshaianza, imekauka. Hakuna wa kupanda. Nimeanza kukunja nguo zangu za baridi, kwa sababu hizo hata nikibaki sizihitaji. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Jumamosi, 6 Julai

Kwetu wanasema mwanamke akipanda mti, mti unakauka. Nimekwenda jioni kuutazama ule wa tisa. Una alama nyekundu ya rangi, kubwa kama sahani. Huu umeshahukumiwa kukauka. Mimi nitauongezea nini?

Jumapili, 7 Julai

Nimemwambia Joram. Amekataa. Ameomba. Amesema tutarudi kwenye Ijumaa zetu, watu wengi hapa wanaishi hivyo miaka na miaka. Nikamwambia mimi siwezi. Akanitazama, akanyanyuka, akaanza kukagua mshipi kila mshono kwa mkono mmoja.

Jumatatu, 8 Julai

Nimepanda nikiwa nimevaa suruali yake. Sitaandika nilivyoogopa, kwa sababu kesho napanda tena. Nimekata kama baba.

Joram alisimama chini. Hakusema neno. Niliposhuka shati lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni, na midomo yake ilikuwa myeupe.

Jumanne, 9 Julai

Nusu kikombe. Safi.

Jumatano, 10 Julai

Robo tatu ya mtungi. Nimekaa nao kwenye bagi nikifikiri. Tumebadilisha kisu, mikono, mtungi, barafu. Njia ni ile ile. Lazima yatachoka.

Na yule mzee wa Tunisia, yeye alileta maji dirishani. Lazima miti yake ilikuwa karibu, nyuma ya nyumba.

Alhamisi, 11 Julai

Joram alimwomba Mama Jabri, tangu jana, awe barazani baada ya sala ya alfajiri. Hakumwambia kwa nini. Tulikipandisha kiti chake kwenye kitanda cha bagi, tukakifunga kwa kamba zile zile za mtungi, tukaweka mito.

"Mnanipeleka wapi, kama mbuzi wa sikukuu?"

"Kwenye mti, Mama," Joram akasema. "Maji hayawezi safari."

Aliendesha kwa mkono mmoja, polepole kuliko mwanadamu anavyotembea. Mama alishika kingo mbili za kiti na kunung'unika mpaka tulipofika ukutani. Hapo alinyamaza, maana mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga mshipi.

Nilipanda. Nyota zilikuwa zinaisha. Mtungi ulikuwa umekaribia kujaa, mzito, wa baridi kidogo kwa umande wa usiku, na kidonda cha mti kilikuwa kinatoa tone baada ya tone, safi kama jicho. Niliufunga kamba, nikauteremsha. Kutoka juu niliona Joram akiupokea kwa mkono mzima, na uso wa Mama ukiwa umeinuliwa kwangu, si kwa mtungi.

Nilipofika chini alikuwa bado hajanywa. Alikuwa ananingoja.

Akanywa. Alifumba macho. Alikunywa kikombe chote isipokuwa kidogo cha chini, akakitazama kile kidogo, akakishika muda mrefu kama mtu anayesubiri mwenzake anyooshe mkono. Halafu akakimaliza mwenyewe.

"Ni yenyewe," akasema.

Kisha akanigeukia. "Nani alikufundisha kupanda?"

Joram akafungua kinywa. Nikamwomba kwa macho aniachie nijibu mimi, lakini hakuniachia, na namshukuru kwa hilo.

"Mama, nilikudanganya. Baba yangu ni karani. Aliyeanguka mtini ni baba yake huyu. Kiatu ni cha baba yake. Mimi nilikuwa natafuta chumba cha kukaa na mke wangu."

Mama alitazama mtende. Alitazama bendeji. Jua lilikuwa linachungulia ukutani na sote tulijua hatuna muda mwingi kabla bagi haijawa tanuri.

"Chumba nilimpa mtoto wa mgema," akasema. "Basi mtoto wa mgema akae. Yule fundi nitampigia simu asije. Mitende yangu iliyobaki ni sitini na miwili, na tende zimeanza kuiva. Hoteli utaiaga kwa adabu, karatasi zako nitazishughulikia mimi." Akamnyooshea Joram kikombe. "Na wewe utaosha mitungi. Kwa sabuni."

Jumatatu, 15 Julai

Mashine zilikuja saa tatu asubuhi. Wa tisa ulikuwa wa mwisho kung'olewa. Mama hakutoka.

Kesho naanza kukata tende za kwanza, upande wa lango. Joram ameuliza kama atakuwa ananingoja chini kila siku. Nimemwambia kila siku. Amekwenda bombani na mitungi yote, anaisugua kwa mkono mmoja, namsikia kutoka hapa.